Riwaya za kihistoria za vijana kuhusu ukoma na uhamisho

Riwaya za kihistoria za vijana kuhusu ukoma na uhamisho ni hadithi za kubuni zinazosimulia maisha ya watoto na jamaa zao katika enzi ambayo mwenye ukoma alitolewa nyumbani kwa amri ya serikali, akapelekwa kuishi mbali na watu wake, mara nyingi kisiwani. Wahusika ni wa kutungwa lakini visiwa ni vya kweli: Molokai huko Hawaii, Culion nchini Ufilipino, Penikese katika pwani ya Massachusetts, Spinalonga huko Krete. Ugonjwa wenyewe huchukua kurasa chache. Kinachobeba hadithi ni siku ya kuagana, chombo kinachosubiri gatini, na mtoto anayetaka kujua nani ameamua kwamba mama yake hatarudi.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu huitwa ukoma. Maandishi ya zamani yana pia neno jedhamu, lililotoka Kiarabuni. Mgonjwa aliitwa mkoma, jina linalomfunga mtu na maradhi yake hata akipona. Siku hizi watu wa afya husema mtu mwenye ukoma, au mtu aliyeathirika na ukoma, na ndivyo makala hii inavyosema.

Historia iliyo nyuma ya riwaya hizi

Kumtenga mgonjwa ni desturi ya kale kuliko dawa ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwe, aligundua bakteria inayosababisha ukoma. Kabla ya hapo madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba ukoma hurithiwa. Ilipojulikana kuwa unaambukiza, hofu ilipata hoja ya kitaalamu. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ukoma, uliofanyika Berlin mwaka 1897, uliunga mkono kuwatenga wagonjwa, na serikali nyingi za kikoloni zikafuata.

Hofu hiyo ilizidi kipimo cha ugonjwa. Ukoma huambukiza kwa shida: watu walio wengi sana wana kinga ya asili dhidi yake, na dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza. Hushambulia ngozi na neva, vidole vikafa ganzi, na mtu akaungua au akajikata bila kuhisi. Hadi miaka ya 1940 hapakuwa na tiba ya kutegemewa. Wagonjwa walipakwa au kudungwa mafuta ya mchaulmugra, mti wa Asia, kwa maumivu mengi na nafuu ndogo. Dawa ya promini ilianza kutumika mwaka 1941 katika hospitali ya Carville, Louisiana, ikafuatwa na dapsoni. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mseto wa dawa unaoponya kabisa. Msomaji wa leo anayajua haya yote, mhusika wa mwaka 1906 hajui hata moja. Hapo ndipo uchungu wa hadithi hizi unapoanzia.

Serikali zilipenda visiwa kwa sababu bahari ni ukuta usiohitaji fundi. Kisiwa cha Robben, kinachojulikana kwa wafungwa wa siasa wa Afrika Kusini, kiliwekewa wagonjwa wa ukoma tangu 1846 hadi 1931. Unguja nayo ina Changuu, ambako jengo la gereza la miaka ya 1890 liligeuzwa karantini ya homa ya manjano. Mtoto wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana maana ya kuona nyumba za watu ng'ambo ya maji na kukatazwa kwenda.

Molokai

Tarehe 3 Januari 1865 Mfalme Kamehameha wa Tano alitia sahihi sheria ya kuzuia kuenea kwa ukoma katika visiwa vya Hawaii. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Januari 1866, wagonjwa 12 wa kwanza, wanaume 9 na wanawake 3, waliteremshwa katika rasi ya Kalaupapa, kaskazini mwa Molokai. Pande tatu za rasi hiyo ni bahari yenye mawimbi makali, na upande wa nne ni genge lenye urefu wa mamia ya mita. Serikali ilidhani wagonjwa wangelima na kujijengea wenyewe. Walifika wakiwa dhaifu, nyumba zikiwa hazitoshi na chakula kikiwa haba. Hadi sheria ya kutenga ilipofutwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa huko, wengi wao Wahawaii wenyeji, na wengi wao hawakutoka tena.

Wahawaii waliupa ugonjwa jina lililouona vizuri kuliko kitabu chochote cha tiba: maradhi yanayotenganisha familia. Jina hilo halitaji kidonda wala ngozi. Linataja familia. Kulikuwa pia na kokua, yaani msaidizi: mke, mume au mzazi mzima wa mwili aliyekubali kuhamia Kalaupapa ili amuuguze wake, akijua kwamba kurudi si hakika. Mwandishi wa hadithi hawezi kupewa mhusika bora kuliko huyo.

Riwaya ya vijana inayoishughulikia miaka hiyo ya mwanzo ni Healing Water ya Joyce Moyer Hostetter wa Marekani, iliyotoka mwaka 2008. Mvulana Mhawaii aitwaye Pia anatengwa na familia yake na kupelekwa Molokai akiwa na hasira juu ya rafiki aliyemtupa. Hostetter hawafanyi wagonjwa kuwa watakatifu. Makazi yale yana wizi, ulevi na wenye nguvu wanaowaonea wanyonge, kwa kuwa watu waliotupwa bila chakula wala sheria huishi hivyo. Padre Damien, Mbelgiji aliyefika mwaka 1873, akaambukizwa, akafa tarehe 15 Aprili 1889 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2009, yumo kitabuni, ila hadithi inabaki ya Pia. Uamuzi huo unastahili sifa. Vitabu vingi kuhusu Molokai vimemtazama padre mpaka wagonjwa wakawa kivuli chake.

Culion

Kisiwa cha Culion, katika jimbo la Palawan, kilifanywa makazi ya wenye ukoma na serikali ya kikoloni ya Marekani. Wagonjwa 370 wa kwanza walifika kutoka Cebu mwezi Mei 1906. Mwaka 1907 sheria namba 1711 ikafanya kutengwa kuwa lazima: mtu aliyeshukiwa aliweza kukamatwa, kupimwa na kupakiwa melini. Daktari Victor Heiser, mkuu wa afya wa koloni, aliona kazi hiyo kuwa fahari yake. Culion ikakua hadi kuwa miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya wenye ukoma duniani, ikiwa na maelfu ya watu katika miaka ya 1930. Tangu 1913 ilikuwa na sarafu zake, kwa kuhofia kwamba fedha iliyoguswa na mgonjwa ingebeba ugonjwa hadi Manila. Watoto waliozaliwa humo wakiwa wazima walitenganishwa na wazazi wao. Mwaka 2006, miaka mia tangu meli ya kwanza, ilitangazwa kuwa ukoma si tatizo la afya ya jamii tena huko Culion.

The Island at the End of Everything, ya Mwingereza Kiran Millwood Hargrave, ilichapishwa mwaka 2017 na kuingia katika orodha fupi ya tuzo ya Costa ya vitabu vya watoto mwaka huohuo. Amihan, kwa kifupi Ami, ana miaka 12. Amezaliwa Culion na anaishi na mama yake mgonjwa, anayemwita Nanay. Kwake Culion ni nyumbani: pana miti, jikoni, majirani wenye midomo mirefu na wenye mioyo mikubwa. Kisha anafika Bwana Zamora, ofisa wa serikali, na amri ya kuwagawa watu: wagonjwa upande huu, wazima upande ule, na watoto wazima wasafirishwe hadi kituo cha yatima katika kisiwa jirani cha Coron. Yatima, ilhali mama zao wako hai. Nusu ya pili ni safari ya Ami na rafiki yake Mari kurudi kwa mama kabla hajafariki.

Msomaji anayejua tarehe ataona jambo. Mwaka ambao riwaya inamwonyesha Ami akiwa binti wa miaka 12 aliyezaliwa katika kijiji cha wagonjwa ndio mwaka ambao wagonjwa wa kwanza waliteremka Culion. Mwandishi amezikunja enzi mbili kuwa moja, na faida yake ni kubwa: mtoto anapoteza nyumba anayoipenda, na kisiwa kinakuwa mahali pa kurudi. Katika historia, wakazi wa zamani wa Culion walikuwepo kabla ya wagonjwa, na wengi walilazimika kuhama kupisha mpango huo. Uhamisho mmoja ulijengwa juu ya mwingine. Mwalimu anayeitumia riwaya hii darasani asiache kulitaja hilo.

Zamora hukusanya vipepeo. Huwafuga, huwaua, huwachoma pini na kuwapanga chini ya kioo, na huwaangalia watu kwa jicho lilelile. Taswira hiyo humkaa msomaji miaka mingi. Hata hivyo ina udhaifu wake: ukatili wote unapowekwa ndani ya mtu mmoja mwenye roho mbaya, mtoto anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba ofisa mwema angeibadilisha sheria ile kuwa njema. Waliotia sahihi amri za Culion hawakuwa wachoma vipepeo. Walikuwa madaktari wenye vyeti, walioamini wanaokoa taifa, na ndiyo maana mfumo wao ulidumu.

Penikese na Spinalonga

Penikese ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Elizabeth, Massachusetts. Jimbo lilifungua hospitali ya ukoma hapo mwaka 1905 na kuifunga mwaka 1921, wagonjwa waliobaki wakapelekwa Carville. Wagonjwa wake kwa miaka yote hiyo walikuwa makumi tu, nao walitoka sehemu mbalimbali za dunia. Lauren Wolk alijenga juu yake Beyond the Bright Sea (2017), iliyopata tuzo ya Scott O'Dell ya hadithi za kihistoria mwaka 2018. Ni mwaka 1925. Crow, binti wa miaka 12, alifika akiwa kichanga ndani ya mtumbwi uliosukumwa baharini, akalelewa na Osh, mchoraji mpweke, huku Bi Maggie akimfundisha. Majirani wa kisiwa cha Cuttyhunk hawamgusi, kwani wanahisi alitoka Penikese. Hospitali imeshafungwa lakini hofu haijafungwa nayo. Wolk ameshika jambo ambalo wengine hulipita: uhamisho wa mgonjwa huendelea juu ya mtoto mzima ambaye hajawahi kuumwa. Crow anatafuta wazazi waliomzaa, na Osh, aliyemlea bila kumuuliza asili yake, anaogopa kwamba jibu litamwondoa kwake. Kati ya riwaya zilizotajwa hapa, hii ndiyo iliyoandikwa kwa ustadi zaidi.

Spinalonga, karibu na pwani ya Krete, ilikuwa makazi ya wenye ukoma kuanzia 1903 hadi 1957. Victoria Hislop aliiandikia watu wazima riwaya ya The Island (2005), kisha akaisimulia upya kwa watoto katika Maria's Island (2021).

Sauti za wenyewe

Wengi wa waandishi hawa ni wageni wa visiwa wanavyovisimulia, na mara nyingi msimulizi wao ni mtoto mzima wa mwili anayemwangalia mgonjwa. Pia wa Hostetter ni wa pekee kwa kuwa mgonjwa ni yeye. Wenyewe hawakunyamaza. Olivia Robello Breitha, aliyepelekwa Kalaupapa akiwa msichana, alichapisha maisha yake mwaka 1988. Makia Malo, aliyefika huko akiwa mtoto mwaka 1947, akawa mtambaji wa hadithi mashuhuri Hawaii. Anayetaka kuipima riwaya na aanze na hao: je, wagonjwa wa kitabuni wana kazi, utani, wivu, wachumba na madeni, au wapo ili wafe vizuri mtoto ajifunze kitu? Riwaya inayowapa mambo hayo ina haki ya kuitwa ya kihistoria.

Afrika Mashariki

Mada hii ina makao yake katika nchi zetu. Katika Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, kisiwa cha Bwama kiligeuzwa makazi ya wenye ukoma na daktari mmisionari Leonard Sharp mwanzoni mwa miaka ya 1930. Leo watoto hupiga makasia kwenda shule kisiwani humo. Huko Rufiji, Tanzania, kipo kijiji cha Kindwitwi, ambako padre wa Kianglikana Robin Lamburn aliishi na wenye ukoma kwa miaka mingi. Alupe, karibu na Busia nchini Kenya, ilikuwa na hospitali ya ukoma. Kila mahali hapo pana malighafi ya riwaya: mtoto aliyevushwa maji akiwa mgongoni mwa mama, mke aliyekataa kurudi kwao, ndugu waliokwisha kuomboleza mtu aliye hai.

Watu waliopelekwa huko wakiwa watoto ni wazee sasa, na wengine wameshatangulia. Mwandishi kijana wa Kiswahili anayesoma makala hii asisubiri nyaraka zifunguliwe. Aende Kindwitwi, apige hodi, asalimie shikamoo, akae mkekani na asikilize kabla ya kushika kalamu.