Je, sauti ya klarineti imo ndani ya mpingo?



Watanzania tukizungumzia klarineti hatuchelewi kusema: "Sauti ile ni mpingo wetu!" Fahari hiyo ina msingi. Klarineti nyingi za wanamuziki wa kulipwa duniani huchongwa kwa mpingo, na mti huo hutoka zaidi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Lakini hebu tujiulize: kweli sauti imo ndani ya mti?

Tuanzie hapa Stockholm. Bernhard Crusell alizaliwa Ufini mwaka 1775, nchi ile ikiwa bado chini ya Sweden. Kuanzia 1793 hadi 1833 alikuwa mpiga klarineti wa okestra ya mfalme, na klarineti alizotumia zilitoka kwa mafundi wa Dresden. Enzi zile klarineti kwa kawaida zilichongwa kwa mbao ya manjano ya Ulaya, Buxus. Mpingo ulikuja kushika soko baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 19. Mwanzoni Crusell alipiga ulimi wa tete ukiwa upande wa juu, kama wengi wa wakati wake. Baadaye akaugeuza chini, kama inavyopigwa leo, akapata sauti laini ya kuimba. Hapo kazi ilifanywa na mdomo, wala si mbao.

Sasa linganisha Wajerumani na Wafaransa. Wote siku hizi hutumia mpingo, lakini klarineti zao hutofautiana katika tundu la ndani, kipande cha mdomoni na mpangilio wa vibonyezo. Mwenye sikio huzitambua. Mti mmoja, lafudhi mbili, kama Kimvita na Kiunguja!

Wataalamu wa sauti nao wanatuambia kinachotetema hasa ni hewa iliyomo ndani ya bomba. Mwaka 1971 Mmarekani John Coltman alijaribu filimbi zenye umbo moja la ndani lakini za mata mbalimbali, za mbao na za madini. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha, na wapigaji nao vivyo hivyo.

Basi mpingo unapendewa nini? Ni mzito hata unazama majini, ni mgumu, una mafuta yake, na hauvimbi ovyo kwa mate na unyevu. Fundi akishatoboa tundu kwa kipimo cha unywele, kipimo kinadumu. Kwa hiyo mti unachangia uthabiti, na sauti inatengenezwa na fundi pamoja na mpigaji.

Jamani, hapa ndipo pana jambo la kututia wasiwasi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu. Hiyo ni hatua kubwa, maana mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na sasa wanakijiji wana sauti katika kuuza. Ila wanachouza ni gogo. Thamani kubwa inaongezwa ng'ambo, kwenye karakana za mafundi. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1990 kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa inatengeneza klarineti za Greenline kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni, na wapigaji wa okestra wanazitumia. Ukiweza kutumia unga leo, kesho huenda ukaacha mti kabisa.

Tukiendelea kujifariji kwamba sauti ni mti wetu, siku soko likigeuka tutabaki na msitu na hadithi. Mimi naona tudai ufundi: kukausha, kupasua na kukereza vipande vya klarineti huko huko Lindi na Mtwara. Wamakonde wameshauonyesha ulimwengu kwamba mkono wetu unauweza mpingo.

Nangoja hoja zenu, hasa wenzetu wa Kusini.