Hoja Kuu Husimama kwa Ushahidi: Somo Kutoka Historia ya Pufya



Ukiambiwa uandike insha ya kihistoria kuhusu pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku ambazo baadhi ya wanamichezo huzitumia ili kujiongezea nguvu, huenda sentensi ya kwanza itakayokujia ni hii: "Pufya ni mbaya." Nimesahihisha insha nyingi zilizoanza hivyo. Hakuna anayeipinga sentensi hiyo, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Hoja kuu ni dai ambalo mtu mwenye busara anaweza kulipinga, nawe ukawa tayari kulitetea kwa ushahidi.

Kwanza, liweke dai lako katika wakati wake. Mwaka 1904, katika marathoni ya Olimpiki mjini St. Louis, Marekani, Thomas Hicks alipewa na wasaidizi wake strikinini, ute wa mayai na brandi ili aweze kumaliza mbio. Alitangazwa mshindi. Mwaka 1988, mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, na siku tatu baadaye akapokonywa medali kwa kuwa mkojo wake ulikutwa na stanozololi. Anayeandika kwamba "wanamichezo wamedanganya tangu zamani" amewapima wawili hawa kwa mizani moja, ilhali mmoja wao hakuvunja kanuni yoyote ya zama zake.

Pili, chagua mahali mahususi. Tuitazame Kenya, jirani yetu. Mwaka 2014 Rita Jeptoo, aliyekuwa ameshinda marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na EPO, homoni inayoongeza chembechembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni zaidi. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na pufya. Hata hivyo, Mei mwaka huohuo Shirika la Dunia la Kupambana na Pufya, WADA, liliitangaza nchi hiyo kuwa haijatimiza masharti, na halikuiondoa katika orodha hiyo hadi Agosti, baada ya sheria kurekebishwa. Mwaka 2017 Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, naye alipatikana na EPO.

Kutokana na matukio hayo, wanafunzi wawili waliandika hivi. Wa kwanza: "Wakimbiaji wa Kenya hushinda kwa dawa." Wa pili: "Ingawa sheria ya 2016 iliipa Kenya uwezo wa kuwaadhibu wakosaji, haikutosha kukomesha pufya, kwa sababu upimaji ulihitaji pia maabara ya karibu na fedha za kudumu."

Dai la kwanza linawahukumu maelfu kwa makosa ya wachache. Fikiria binti anayeamka alfajiri kukimbia katika baridi ya Iten, asiyewahi kugusa sindano. Sentensi hiyo moja imemvua heshima bila kumsikiliza. Si udhaifu wa insha tu, ni dhuluma.

Dai la pili lina nguzo. Kesi ya Sumgong inaonyesha kwamba makosa hayakukoma baada ya sheria. Maabara ya kupima damu iliyokubaliwa na WADA ilifunguliwa Nairobi mwaka 2018. Kabla ya hapo, sampuli za damu zilisafirishwa nje ya nchi, nazo hazina budi kufika zikiwa bado zinafaa kupimwa. Mwaka 2022, Kenya ilipokaribia kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Iwapo sheria ingetosha, ahadi hiyo ingekuwa ya nini?

Tatu, jibu pingamizi kabla halijaulizwa. Msomaji atasema: "Lakini waliokamatwa waliongezeka baada ya sheria, je, hali haikuzidi kuwa mbaya?" Mjibu kwamba idadi ya waliokamatwa si idadi ya wanaotumia. Mvuvi akitupa nyavu nyingi zaidi hupata samaki wengi zaidi, ingawa bahari ni ileile. Kwa hiyo takwimu hiyo peke yake haithibitishi kuzidi wala kupungua, na mwandishi mwaminifu hukiri mpaka huo.

Sasa chukua kalamu. Andika hoja kuu yako kwa sentensi moja, kisha orodhesha chini yake mambo matatu yanayoithibitisha, kila moja na mwaka wake. Ukikosa la tatu, usilibuni. Punguza ukubwa wa dai. Raia anayejifunza kutodai zaidi ya anachoweza kuthibitisha hatakuwa mwepesi wa kumsingizia jirani yake, awe mwanariadha au mtu yeyote mwingine.