Fahamu: Kanuni za kuunganisha mtambo mdogo wa umeme na gridi

Umeme ukikatika Ushetu, wilayani Kahama, mwenye mashine ya kukoboa mpunga huwasha jenereta na kazi inaendelea. Lakini jenereta ikiunganishwa ovyo, umeme wake hurudi kwenye nyaya za mtaani. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo volti za nyumbani zinaweza kupandishwa hadi 33,000 kwenye laini kubwa. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anaweza kupoteza maisha.

Hiyo ni sababu mojawapo ya Tanzania kuwa na kanuni za wazalishaji wadogo wa umeme.

Nani anahusika?
Baada ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, EWURA iliweka utaratibu wa miradi midogo, yaani inayouza kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Mkataba wa kuuza umeme kwa TANESCO ni wa aina moja kwa wote, na bei hupangwa na EWURA, hivyo mwekezaji mdogo haanzi kubishana upya kuhusu kila kifungu. Mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji leseni, ila husajiliwa.

Mfano ni Mwenga huko Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012. Unauza umeme kwa TANESCO na pia unasambaza vijijini.

Masharti ya kiufundi
Kabla ya kuunganishwa, mtambo lazima ulingane na gridi kwa volti, kwa mizunguko 50 kwa sekunde na kwa mpangilio wa mawimbi. Pia lazima ujitenge wenyewe mara gridi inapozimika. Vifaa hivyo hupimwa kabla ya kuwasha, na gharama za kuunganisha hubebwa na mwenye mtambo.

Mwenye sola juu ya paa je?
Mwaka 2018 zilitoka kanuni za mita inayosoma pande mbili. Umeme unaozidi matumizi huingia kwenye gridi, na mteja huhesabiwa uniti zake. Hapa pia mkataba na ukaguzi hutangulia.

Gridi ikifika kijijini
Hapa ndipo wengi hupata hofu. Mtu amejenga mtambo na kuvuta nyaya kwa wateja wake, kisha nguzo za TANESCO zinafika. Kanuni zinampa njia kadhaa: kuiuzia TANESCO umeme, kununua umeme wa TANESCO kwa jumla na kuuza rejareja, kufanya yote mawili, au kuondoka na kulipwa fidia ya nyaya na nguzo zake.

Lakini nyaya zilizojengwa chini ya viwango haziunganishwi. Aliyetumia nguzo dhaifu na waya mwembamba ili kupunguza gharama anaweza kukosa soko siku gridi inapofika.

Kwa mwenye jenereta ya dharura tu
Huyu hauzi umeme, ila usalama unamhusu. Anahitaji swichi ya kubadilisha, inayokata kabisa njia ya TANESCO kabla ya kufungua ya jenereta, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ni hatari kwake, kwa jirani na kwa fundi aliye juu ya nguzo.