Mchango au Wasilisho? Historia ya Msimbo Uingiao katika Kiini cha Linux

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa fani ya kompyuta huyatumia kila siku bila kuyapima ni kitenzi "kuchangia". Mtu wa nje akiandika msimbo na kuupeleka ili utiwe katika programu huria, husemwa kuwa amechangia. Twakusudia kuonyesha, kwa kutazama historia ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwamba neno hilo hueleza nusu tu ya tendo lenyewe, na nusu inayoachwa ndiyo iliyo nzito.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi ikaayo baina ya mashine na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu na kupanga zamu za kazi. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alikitangaza kiini chake Agosti 1991. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu kila mtu kukisoma, kukibadili na kukigawa, mradi agawaye awape wengine haki hizo hizo. Watu wakampelekea viraka. (Neno kiraka limekwisha tulia, nasi hatuna ugomvi nalo, ijapokuwa kiraka cha mshonaji huziba tundu, na hiki mara nyingi huongeza mkono mzima wa kanzu.)

Kwa zaidi ya miaka kumi uliopimwa zaidi ni ubora wa msimbo. Asili yake ilichukuliwa kwa uaminifu. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba msimbo wa Unix uliokuwa mali yake ulitiwa katika Linux pasipo haki. Shauri hilo lilivutana hadi 2021. Lakini mapema zaidi, Mei 2004, Torvalds alikwisha pendekeza kwamba kila kiraka kiwe na mstari wa sahihi, ambao kwao mpelekaji hukiri kuwa ameuandika msimbo mwenyewe au ameupata kwa njia halali, na kwamba ana haki ya kuutoa chini ya leseni husika. Kila aupitishaye huongeza sahihi yake, hata ikajulikana umepita mikononi mwa nani.

Mfano ulio bora kwa hoja yetu ni wa Julai 2009, Microsoft ilipotoa mistari ipatayo 20,000 ya viendeshi vya kuiwezesha Linux kufanya kazi juu ya Hyper-V. Wengi walistaajabia jina la mtoaji. Sisi twastaajabia zaidi yaliyofuata. Msimbo uliwekwa katika eneo la matayarisho, lililoanzishwa 2008 kwa ajili ya kazi ambazo bado hazijafikia kiwango. Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa eneo hilo, alieleza kuwa viraka zaidi ya 200 vilihitajika ili kuusafisha tu, akalalamika kwamba wenyewe hawaonekani tena, na akaonya kuwa ungeweza kuondolewa. Wenyewe walirudi. Mwaka 2011 mhandisi mmoja wa Microsoft alikuwa miongoni mwa walioleta mabadiliko mengi kabisa katika toleo la 3.0, na sehemu ya msingi ya viendeshi hivyo ilitoka katika matayarisho kwa toleo la 3.2, Januari 2012.

Sasa tuulize: je, huo ni mchango? Kwa desturi yetu mtoa mchango wa arusi huandikwa daftarini, akaenda zake. Hapana amwulizaye fedha kazipata wapi, wala hairudishwi kwa kuwa noti imekunjika. Kijana aliyefunzwa kwamba "anachangia" huona ametukanwa kiraka chake kirudipo mara tatu, akaacha.

Kwa hiyo twaonelea tendo la kupeleka liitwe "kuwasilisha", la kukagua "kupitia", na la kukubali "kuingiza". "Mchango" libaki kwa kile kilichokwisha ingizwa. Wako watakaosema "kuwasilisha" lanuka ofisi na bunge. Ni kweli, na ndiyo sifa yake: muswada uwasilishwao huweza kukataliwa, na aliyeuwasilisha hutakiwa awepo kujibu maswali.

Kuhusu apokeaye, wengine humwita "msimamizi". Sisi twapendelea "mtunzaji", kwa maana msimamizi huondoka kazi ikiisha, na huyu kazi yake huanza msimbo unapokwisha kuingia.