Ubapa Unaotetema: Upanga Mrefu wa Oman na Unguja

Upanga mrefu uliobebwa na wanaume wa Oman na wa Unguja katika karne ya 19 ulikuwa na ubapa mnyoofu, mpana na mwembamba, wenye makali pande zote mbili na mifereji iliyochongwa kwa urefu wake, nao ulitiwa kwenye kipini cha mviringo kisicho na kikingio cha vidole. Vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya huuita kattara, ingawa Waswahili kwa neno kitara humaanisha upanga uliopinda. Bapa nyingi zilinunuliwa Ulaya, hasa Solingen, mji wa wahunzi wa Ujerumani, kisha zikatiwa vipini na ala na mafundi wa Kiarabu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja Desemba 1856, miezi miwili hivi baada ya kifo cha mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, aliukuta mikononi mwa watu, na mwaka 1884 akachapisha kitabu kizima juu ya historia ya panga za mataifa.

Mtu akiupima upanga huu kwa vipimo vya Ulaya atauona una kasoro, kwa kuwa upanga wa Ulaya wa Zama za Kati ulikuwa na tufe zito la chuma mwishoni mwa kipini, ambalo huvuta kitovu cha uzito, yaani mahali upanga unapotulia ukiegemezwa juu ya kidole, kikasogea karibu na mkono. Upanga wa Oman hauna tufe hilo, hivyo kitovu chake kiko mbele, na mkono ungelemewa kama si wembamba wa ubapa. Jambo linaloamua wepesi wa kuugeuza upanga ni inesha, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa, ambayo hukua kwa mraba wa umbali: gramu 1 ya chuma iliyo sentimita 80 kutoka mkononi hukaidi mara nne kuliko gramu iyo hiyo ikiwa kwenye sentimita 40. Fundi anayepunguza unene kuelekea ncha, basi, humwondolea mpiganaji mzigo pale hasa unapomchosha zaidi.

Mwaka 1673 Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi aliyeshughulikia saa za pendulamu, alichapisha hesabu ambazo pia hueleza kitovu cha pigo, yaani mahali kwenye ubapa ambapo pigo halimrudishii mpiganaji mshtuko katika sehemu aliyoishika. Kwa fimbo yenye unene ule ule kote, iliyoshikwa mwishoni, mahali hapo ni theluthi mbili za urefu. Kwa ubapa unaopungua unene, husogea karibu na mkono. Wapiganaji walipajua mahali hapo kwa viganja vyao karne nyingi kabla ya hesabu hizo, na ujuzi huo unastahili kuhesabiwa kuwa elimu.

Hata hivyo, sifa kuu ya upanga huu ni mtetemo. Ukinzani wa bamba dhidi ya kupindwa hufuata kipeo cha tatu cha unene wake, kwa maana kwamba bamba lililopunguzwa unene kwa nusu hupindika kwa urahisi mara nane, wakati uzito wake umepungua kwa nusu tu, na kwa hiyo kasi ya mtetemo wake nayo hushuka kwa nusu. Bamba la chuma la sentimita 80 lenye unene wa milimita 3, likibanwa upande mmoja, hutetema takriban mara 4 kwa sekunde. Lenye milimita 6 hutetema karibu mara 8. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwili wa binadamu, maana kifundo cha mkono huweza kutikisika mara 4 kwa sekunde bila taabu, lakini mara 8 ni kazi ngumu. Mtikiso wa mkono unapolingana na mtetemo wa asili wa ubapa, kila msukumo mdogo huongeza uliotangulia, na ncha huyumba kwa upana usiolingana kabisa na udogo wa nguvu iliyotumika.

Hicho ndicho kinachoonekana katika razha, ngoma ya panga ya Waarabu wa Oman iliyochezwa pia Unguja, ambamo mchezaji huunyanyua upanga, akatikisa kifundo cha mkono, na ubapa wote ukameremeta na kuvuma. Wembamba ambao katika mapigano uliuruhusu upanga kukata upesi, huku ngao ndogo ya ngozi ikifanya kazi ya kikingio kilichokosekana, katika ngoma umekuwa sauti na mwanga. Mchezaji huurusha pia hewani, na upanga ukishaachwa huzunguka kitovu chake cha uzito, si kipini. Kwa kuwa kitovu hicho kiko mbele, kipini huchora duara pana, na anayetaka kukidaka kwa kiganja hana budi kuwa amejifunza uzito wa upanga wake mwenyewe, kwa sababu upanga wa jirani yake, uliotoka kwa fundi mwingine, utashuka kwa mzunguko tofauti.