Sanduku la Milima ya Panamint

Mwishoni mwa 1998, sanduku kuukuu lilikutwa pangoni katika milima ya Panamint, inayolikinga bonde la Death Valley upande wa magharibi, huko California. Ndani mlikuwa na sarafu, vyombo, barua iliyodaiwa kuandikwa mwanzoni mwa 1850, na picha. Magazeti yalishangilia, na si ajabu. Katika majira hayo ya 1849 na 1850, wasafiri waliokimbilia dhahabu ya California walipotea bondeni humo, wakachinja maksai wao, wakachoma mikokoteni ili wakaushe nyama, kisha wakatoka kwa miguu. Vitu walivyoviacha ni vichache mno, na hapa lilikuja sanduku zima.

Wakuu wa hifadhi ya Death Valley hawakubishana na mtu. Walilipeleka kwa wataalamu wa idara ya hifadhi za taifa mjini Tucson, Arizona, likachunguzwa kitu kimoja kimoja. Gundi iliyokutwa humo ilikuwa ya karne ya 20. Na picha, ambazo ndizo zilizonivuta mimi kwenye kisa hiki, zilikuwa za bati.

Nimekulia nyuma ya studio ya picha pale Ngamiani, Tanga. Marehemu baba alikuwa na desturi yake: picha yoyote ya zamani akiletewa, huigeuza kwanza. Hutazama ni karatasi gani, muhuri wa studio ipi, kingo zimekatwa kwa mkasi au kwa mashine. Sura ya mtu aliiachia mwisho. Sasa, picha ya bati kwa kweli ni kibamba chembamba cha chuma kilichopakwa vanishi nyeusi. Ilianzia Ufaransa 1853 na kupewa hataza Marekani 1856. Mtu wa 1849 aliyetaka sura yake alipigwa dagerotipu, yaani sahani ya shaba iliyopakwa fedha, yenye kung'aa hata ukiiinamisha vibaya unajiona mwenyewe. Kwa hiyo aliyelifunga sanduku lile alitia ndani picha za aina ambayo ilikuwa haijavumbuliwa. Baba angeimaliza kesi hiyo kabla chai haijapoa.

Tangu nihamie California nimekuwa nikizitazama picha za Death Valley kwa jicho hilo. Jangwa lenyewe halinishughulishi sana. Mwanga wake unampendelea mpiga picha yeyote, hata mvivu. Ninachotaka kujua ni nani alikuwa nyuma ya kamera, na alikuwa akiuza nini.

Chukua mikokoteni ya boraksi. Kiwanda cha Harmony kilianza 1883 na kufungwa 1888. Baghala 18 na farasi 2 walifungwa kwenye mnyororo mmoja, wakavuta mikokoteni miwili na tangi la maji, uzito wa tani kama 33 kwa jumla, kwa siku 10 na kilomita zipatazo 265 hadi reli ya Mojave. Gurudumu la nyuma lina kimo cha mita 2 na kitu. Ukisimama kando yake, kitovu cha gurudumu kinakufika kiunoni. Kazi hiyo yote haikumaliza hata miaka 10. Tangazo lake ndilo halijaisha mpaka leo: baghala wakapelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, wakachapwa kwenye makasha ya boraksi ya kufulia, wakazaa kipindi cha redio mwaka 1930 na cha televisheni 1952. Walioikwangua boraksi kutoka sakafu ya bonde walikuwa vibarua wa Kichina. Kiangazi kiwanda kilisimama, kwa kuwa joto halikuruhusu maji kupoa kiasi cha boraksi kuganda. Baghala wanajulikana kila nyumba Marekani. Jina la kibarua hata mmoja sijaliona chini ya picha.

Na kuna Skidoo, mji wa machimbo ya dhahabu uliokuwa juu kwenye milima hiyo hiyo ya Panamint. Aprili 1908 mlevi mmoja, Joe Simpson, alimpiga risasi na kumuua mwenye duka. Wenyeji hawakungoja hakimu. Walimtoa kifungoni wakamnyonga. Inasimuliwa kwamba waandishi walipofika kutoka Los Angeles na kukuta mambo yamekwisha, maiti ilitundikwa upya ili nao wapate picha. Wanaosimulia hucheka wakifika hapo. Mimi nimepiga harusi ambazo bwana harusi aliombwa amvishe mke pete mara ya pili kwa sababu taa haikuwaka, kwa hiyo nakiamini kisa hicho kuliko ninavyopenda.

Walter Scott, maarufu kwa jina la Scotty, alikuwa bingwa wa mambo haya. Alikuwa mpanda farasi wa maonyesho ya Buffalo Bill, kisha akajitangaza kuwa na mgodi wa siri. Mwaka 1905 alikodi treni iliyomfikisha Chicago kutoka Los Angeles kwa muda usiofika saa 45, akirusha pesa njia nzima. Mgodi haukuonekana kamwe. Tajiri wa bima, Albert Johnson, ndiye aliyemlipia maisha na kujenga lile jumba ambalo dunia nzima inaliita la Scotty. Oktoba 2015 mvua ya karibu mwaka mzima ilimwagika kwa saa chache, mafuriko yakaharibu barabara, bomba na nyaya za umeme, na vitu vya jumba ikabidi vihamishiwe kwingine. Kwetu Tanga picha huliwa na unyevu na kuvu polepole, mwaka hadi mwaka. Jangwani hukaa salama miaka 80, kisha maji yanakuja usiku mmoja.

Miongoni mwa vitu vinavyotunzwa na hifadhi mna pia vikapu vya Watimbisha, wenyeji wa bonde tangu kabla ya mikokoteni yote hiyo. Vimesukwa kwa fito za mierebi, na nyeusi yake ni ngozi ya tunda kavu lenye kucha, si rangi ya kupaka. Vyenye ndege na kondoo wa milimani vilisukwa hasa kwa ajili ya wageni walioanza kuja kwa magari. Hivyo navyo viliuzwa, lakini kikapu kinaonyesha mkono uliokisuka. Vikapu vilipokelewa na kutunzwa. Wasukaji wenyewe walitendewa vingine. Bonde lilifanywa hifadhi 1933 bila kuwauliza. Mwaka 1936 walijengewa nyumba za matofali mabichi, na miaka ya 1950 idara ya hifadhi za taifa ikaziyeyusha baadhi yake kwa mipira ya zimamoto wakati wenyewe wamepanda milimani kukimbia joto. Serikali iliwatambua kuwa kabila mwaka 1983, na sheria ya 2000 ikawarudishia ekari zaidi ya 7,700, zikiwemo 300 na ushei pale Furnace Creek. Kijiji chao hakiko mbali na jengo la kupokelea wageni. Mwenye kutaka kujua kikapu kilisukwa na bibi wa nani anaweza kwenda kuuliza.