Kubadilisha mashine ya seva bila kusakinisha upya mfumo endeshi

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana kutunza picha za familia, nyaraka au, kama ya kwetu kituoni, rekodi za vipindi. Nayo huzeeka. Anayenunua mashine mpya hudhani lazima asakinishe upya mfumo endeshi na kupanga kila kitu tangu mwanzo. Kwa seva ya Linux, mara nyingi si lazima.

Mfumo endeshi unakaa kwenye diski. Linux hubeba dreva za vifaa vya aina nyingi, na kila inapowaka hukagua vifaa ilivyovikuta na kuchukua dreva zinazofaa. Ndiyo maana diski ya Debian au Ubuntu kwa kawaida huwaka hata ikitolewa kwenye mashine ya Intel na kupelekwa kwenye ya AMD, mradi zote ni za biti 64. Kuihamishia Raspberry Pi haiwezekani, kwa kuwa prosesa yake ni ya aina nyingine kabisa.

Kabla ya kugusa skrubu, weka nakala ya data kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa si ya kutegemea.

Mambo matatu ndiyo hukwamisha wengi.

Namna ya kuwaka. Mashine za zamani huwaka kwa BIOS, mpya kwa UEFI, na baadhi ya mpya zimeiacha BIOS kabisa. Kwenye mashine ya zamani, angalia kama kuna folda /sys/firmware/efi. Ikiwepo, mfumo wako uliwaka kwa UEFI. Hata hivyo, huenda ukalazimika kuichagua diski kwenye menyu ya kuwashia ya mashine mpya.

Majina ya diski. Faili /etc/fstab huorodhesha diski za kufunguliwa. Ikiwa imeandikwa /dev/sdb, jina hilo linaweza kwenda kwa diski nyingine. Tumia namba ya UUID, ambayo haibadiliki kwa kuhama mashine. Amri ya blkid itakuonyesha.

Kadi ya mtandao. Iliyoitwa enp3s0 inaweza kuwa enp4s0. Seva itawaka vizuri lakini haitapatikana mtandaoni. Hapo ndipo sisi tulipopoteza saa nzima tukidhani rekodi zimepotea, kumbe mashine ilikuwa nzima. Chomeka skrini na kibodi, andika ip link uone jina jipya, kisha ulirekebishe kwenye /etc/network/interfaces kwa Debian, au ndani ya /etc/netplan kwa Ubuntu ya seva. Ruta nayo inaweza kuipa anwani nyingine, kwa kuwa kadi ni mpya.

Wanaotumia Windows wajihadhari zaidi. Windows 10 na 11 nazo huweza kuwaka kwenye mashine mpya, lakini leseni inaweza kukataa ubao mama ukibadilika. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, andika pembeni ufunguo wa kurejesha kabla ya kuanza. Bila huo, data haitafunguka.

Mwisho, usiiuze mashine ya zamani wiki hiyohiyo. Mpya ikigoma, utarudisha diski ilikotoka na kazi itaendelea.